Hatua Kumi na Nane na Wembe wa Bi Mwanaidi

Mwaka ule wote uligharimu mbuzi wawili, gunia moja la maharage, debe la mahindi la kufidia gunia lililoonekana limepungua, riboni tatu za mashine ya taipu, na jina zuri la mtu. Mbuzi, maharage na mahindi vilitoka nyumbani kwetu Endasak kama ada ya kunifundisha kazi. Nilivihesabu vikipakiwa kwenye lori, nikavihesabu tena vikishushwa Katesh, kwa sababu kati ya kupakia na kushusha kuna watu. Riboni, ule utepe wenye wino, nilizimaliza kwa vidole vyangu mwenyewe. Jina ndilo ambalo halikuwa langu, na kati ya gharama zote ni hilo tu ambalo sijawahi kulitolea hata shukrani ya maandishi.

Bi Mwanaidi, mwenye jina hilo, alifariki mwaka huu. Nilitoka Mbulu kwa basi la asubuhi nikafika Katesh watu wakiwa bado wanatandika mikeka uani. Nilikaa siku tatu. Siku ya tatu mjukuu wake Rehema aliniambia kwamba familia inatengeneza kijitabu cha kugawa kwenye arobaini, na kila aliyefanya kazi na bibi yake ameombwa ukurasa mmoja. Rehema ana steshenari, kompyuta mbili na printa moja, ndani ya chumba kilekile cha nyuma ya duka la vitambaa ambamo mimi nilijifunza taipu nikiwa na miaka kumi na tisa. Aliniwekea kiti cha plastiki karibu na mkono wake wa kulia, akanyoosha vidole juu ya kibodi kama mtu anayesubiri kunawa.

"Bibi, wewe sema tu, mimi nachapa."

"Ngoja nimalize kufikiri kwanza."

"Fikiri huku nachapa, Bibi. Tukikosea tunarekebisha."

Nilicheka, na yeye akadhani nimekubali. Sikumweleza wakati ule kwamba bibi yake angemtoa mtu chumbani humo kwa maneno hayo. Bi Mwanaidi alikuwa na utaratibu, na mteja asiyeutaka aliambiwa akaandike kwa mkono. Mashine ya taipu haina kurudi nyuma kwa heshima. Neno likishapigwa limepigwa, na ukitaka kuliondoa ni wembe na pumzi. Kwa hiyo mteja yeyote, awe mwalimu au mchungaji wa ng'ombe kutoka Getanuwas, alitakiwa akae kwenye kigoda, apewe chai, aseme shida yake mara tatu kabla kidole hakijagusa kitu. Mara ya kwanza ni ya hasira, alisema, mwache amwage. Mara ya pili ni ya hesabu. Ya tatu ndiyo barua.

Chumba chenyewe ungekivuka kwa hatua nne, tano kama una miguu mifupi. Kulikuwa na dirisha moja lenye nondo lililotazama mlima, na upepo wa Hanang ulipita hapo bila kubisha, ndiyo maana karatasi zote zilikaliwa na mawe tuliyookota mtoni. Mashine ilikuwa nyeusi, nzito kama mtoto wa darasa la kwanza, na Bi Mwanaidi aliifunika kwa khanga kila alipokwenda kuswali. Chini yake alikunja blanketi la zamani ili mlio usiwasumbue wanaonunua vitambaa dukani kwa mume wake. Blanketi halikusaidia. Mume wake, Mzee Hamisi, alikuwa akiita kutoka mbele: "Mke wangu, mvua ya mawe imeanza tena huko?" Naye alijibu bila kuinua kichwa: "Imeanza, funika nyanya zako." Mzee Hamisi hakuwa na nyanya. Mwezi mzima wa kwanza sikupewa karatasi hata moja. Nilipigapiga kwenye mfuko wa saruji uliokatwa vipande, huku vitufe vimebandikwa plasta za kidonda ili nisione herufi. Nilipochungulia pembeni mwa plasta, alinichapa kidoleni kwa rula, taratibu, kama anayefukuza nzi.

Kuhesabu mara mbili nilikupata humo. Watu wa sokoni Mbulu, wanaonijua kwa vitunguu saumu, wanadhani nilizaliwa nako, au kwamba ni ubahili. Si hivyo. Kwenye taipu, ukitaka kichwa cha barua kikae katikati, unahesabu herufi zote pamoja na nafasi, unagawa kwa mbili, unapeleka roli, lile gurudumu linalobeba karatasi, katikati ya karatasi, halafu unarudi nyuma mara hiyo nusu. Ukikosea herufi moja kichwa kinaegemea kama mtu aliyetoka kilabuni. Nilihesabu mara ya kwanza kwa ajili ya kazi na ya pili kwa ajili ya rula. Rehema nilimwomba anionyeshe yeye anafanyaje. Akabofya mara moja, kichwa kikaenda katikati. Nilimwambia akirudishe pembeni kisha akipeleke tena, nihakikishe. Kikaenda tena. Ule mwezi wangu wa mfuko wa saruji ulikuwa umepita mbele yangu kwa sauti ya kubofya mara moja.

Kupatana bei pia nilianzia pale. Tulitoza kwa ukurasa, na wateja walijua ukurasa una mwisho. "Binti," mzee mmoja aliniambia, "andika kidogo, unipunguzie." Nikamwambia hilo "ninaomba kwa unyenyekevu mkubwa" lake limechukua mstari mzima, tukilitoa barua inaenea. Akafikiri. "Toa unyenyekevu, acha mkubwa," akasema. Mwingine alitoka Dongobesh kuwadai wakwe zake ng'ombe kumi na wawili. Mara ya kwanza walikuwa kumi na wawili na wote wazuri. Mara ya pili, alipotakiwa kuwataja rangi, walibaki tisa. Mara ya tatu, akiwa na kikombe cha pili cha chai, walikuwa saba na mmoja wao alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Akatazama mlima dirishani, akasema pengine ni afadhali aende mwenyewe akawasalimie kwanza. Bi Mwanaidi hakumtoza kitu. Alipoondoka nilimuuliza biashara gani hii ya kunywesha watu chai na kuwarudisha nyumbani na hela zao. Akasema, "Barua ile ningeipiga leo, wiki ijayo angerudi kutaka niiombee radhi. Karatasi mbili, na mlango mmoja wa wakwe umefungwa. Hesabu mwenyewe."

Chakula chetu cha mchana kilikuwa makande, isipokuwa Ijumaa ambapo palikuwa na wali na maharage ya nazi, nazi iliyosafiri kutoka mbali na kuheshimiwa kama mgeni. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu, na Kwaresima yangu alikuwa akiikumbuka kuliko mimi. "Emiliana, leo si unafunga wewe?" Hivyo ndivyo nilivyofunga mwaka ule, kwa kukumbushwa na mtu asiye wa dini yangu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuteswa, na kwamba kilichotokea hakikutoka kwenye ukali wake wala njaa yangu. Kilitoka kwenye haraka ya siku ya mnada.

Siku ya mnada Katesh ilijaa ng'ombe na watu wenye shida, na wote walitaka kumalizwa kabla malori hayajaondoka. Siku hiyo aliingia mama mmoja mjane, Mama Petro, pamoja na shemeji yake aliyeitwa Bura, mdogo wa marehemu mume wake, na mashahidi wawili. Walikuwa wamekubaliana mpaka wa shamba na walitaka mapatano yaandikwe. Sehemu ya mjane ilianzia kijito, ikapanda kwa hatua themanini na sita hadi ukingo wa katani. Walisema mara tatu, na mara zote tatu nilisikia themanini na sita. Ile sehemu ya juu ndiyo iliyokuwa na udongo mzuri, chini palijaa mawe. Bi Mwanaidi akanitazama. "Leo utapiga wewe," akasema. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kweli. Akaingia chumba cha pili kuswali adhuhuri, akafunga mlango, wateja wakatoka uani kula makande, nikabaki na mashine.

Niliweka karatasi tatu na kaboni mbili katikati, ile karatasi ya wino inayopeleka maandishi chini. Ya juu ilikuwa ya kuwekwa ofisi ya kijiji, na nakala mbili ni zao, moja kila mmoja. Nilipiga vizuri, kengele ikalia kila mwisho wa mstari, nilijisikia mtu mzima. Niliposoma mara ya pili nikaona nimepiga 68. Tarakimu zilikuwa zilezile, zimebadilishana viti tu. Nikaichomoa karatasi ya juu, nikachukua wembe wa Bi Mwanaidi, nikakwangua polepole, nikapuliza vumbi, nikairudisha peke yake mashineni, nikapiga 86 palepale. Ikakaa vizuri. Nilichosahau ndicho nilichokuwa nimefundishwa tangu wiki ya kwanza ya kaboni: aliye juu ana wenzake chini. Ukimrekebisha mmoja lazima uwarekebishe wote, mmoja mmoja, kwa wembe uleule. Sikuwagusa. Walipomaliza kula niliwasomea karatasi ya juu, themanini na sita, wakaitikia, wakaweka madole gumba kwenye zote tatu. Bi Mwanaidi alirudi, akazikunja, akanipa kipande cha nyama kutoka bakuli lake. Nilikila kwa furaha, na mpaka leo ladha yake naikumbuka kwa uchungu.

Mambo yalikaa kimya mpaka msimu wa kupanda. Siku moja mchana Mama Petro aliingia na vumbi mpaka magotini, karatasi yake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mama. Kaa. Chai hii hapa."

"Chai baadaye. Nisomee hapa pamesema ngapi."

Bi Mwanaidi akasoma. Sitini na nane. Mama Petro akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitegemea jibu hilo na bado limemuuma. Akaeleza. Mtoto wa Bura alisoma nakala ya baba yake, akakuta sitini na nane. Wakaomba na nakala ya Mama Petro, sitini na nane. Wakaenda ofisi ya kijiji, wakakuta themanini na sita, lakini wakaiinua juani, wakaona mahali pa namba pamekuwa pembamba, mwanga unapita. Pamekwanguliwa. "Sasa wanasema mbili zinapatana na moja imechezewa. Wanasema mimi ndiye niliyepeleka mtu akaichezee. Mimi sijui kusoma, Bi Mwanaidi, lakini kutembea najua. Nilitembea themanini na sita." Kesho kutwa kulikuwa na kikao. Akishindwa, hatua kumi na nane zinakwenda, na hizo ndizo zilizowalisha watoto wake wanne.

Alipoondoka nilisema kabla sijaulizwa. Nilisema yote, nikilia kiasi cha kuudhi. Bi Mwanaidi hakuchukua rula. Aliuliza maswali mawili.

"Ulikwangua kabla ya madole gumba au baada?"

"Kabla."

"Na masikio yako yalisikia ngapi?"

"Themanini na sita. Mara tatu."

"Basi nimekuamini. Sasa nyamaza, na huko kikaoni utanyamaza vilevile."

Nikamwambia nitasimama niseme mwenyewe. Akaniuliza nani atamwamini msichana anayejifunza, ambaye familia yake iko Endasak na ambaye mwaka wake ukiisha anakwenda Mbulu kufanya mtihani wa ofisi akiwa na barua ya tabia njema iliyopigwa na Bi Mwanaidi. "Jina lako bado jipya, halijatumika hata mara moja," akasema. "Likichanika sasa hulishoni. Langu lina viraka tayari, kimoja zaidi hakitaonekana."

Tulikwenda kwa lori, kisha kwa miguu. Kikao kilifanyika mbele ya darasa la shule, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Bi Mwanaidi alisimama akaeleza jinsi kaboni inavyofanya kazi. Akaweka karatasi tatu mezani kwa mwenyekiti, kaboni katikati, akaandika namba kwa kalamu, akakwangua ya juu, akawaonyesha za chini zilivyobaki vilevile. Wazee walipokezana zile karatasi, kila mmoja akakwangua kidogo kwa kucha. Kisha akasema kosa ni lake, mashine ni yake, na mkono uliokwangua ni wake.

"Ulikwangua kabla hawajaweka dole?" mwenyekiti akauliza.

"Kabla."

"Uliona kwa macho yako kwamba namba ni hiyo kabla ya dole?"

"Kwa macho yangu."

Macho yake wakati ule yalikuwa kwenye mkeka wa swala, nyuma ya mlango uliofungwa. Mimi nilikuwa nimeketi hatua sita kutoka alipo, nikihesabu mistari ya viatu vyangu.

Bura hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye karatasi mbili dhidi ya moja. "Mama," akasema, "huyu mjane alikulipa nini?"

"Alinilipa bei ya ukurasa mmoja, nusu yake ukatoa wewe. Chai sikutoza, na wewe ulikunywa vikombe viwili."

Watu wakacheka, na kicheko kikasaidia. Wazee walishauriana, wakaamua mwenye mashine akishakiri hakuna la kuongeza. Themanini na sita ikabaki. Bura akaweka dole lake kwenye mapatano mapya, lakini akapangusa wino kwenye nyasi na kusema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mtu hakiri bure.

Neno hilo lilifika Katesh kabla yetu. Kwa miezi iliyobaki ya mwaka wangu wateja walipungua hata mimi niliyependa kuhesabu nikaacha. Waliokuwa na mambo ya mashamba walipeleka kazi zao kwingine. Wengine walimwita Bi Wembe. Yeye alisema angalau wamempa jina la kitu kinachokata. Mzee Hamisi ndiye aliyeumia, alikuwa akiita kutoka dukani, "Mke wangu, mbona leo mvua hainyeshi?" na hakuna aliyemjibu. Mimi nilifanya mtihani Mbulu, nikapita, nikapiga taipu ofisini miaka kumi na moja bila karatasi yangu hata moja kurudishwa, kisha nikaingia kwenye vitunguu saumu ambako makosa unayaona kwa macho na kuyanusa. Kila nilichonacho, nyumba, watoto waliosoma, hata ulimi wa kupatana bei, ukifuatilia nyuma utafika kwenye kigoda kile. Kila nilipokwenda kumsalimu nilimwambia nataka kusema ukweli, na kila mara alinijibu, "Ukisema, unamsema Mama Petro na shamba lake." Baada ya miaka niliacha kumwambia, tukaongea habari za magoti yetu.

Siwaungi mkono wanaosema taipu ilikuwa bora. Wanaosema hivyo wengi wao waliisikia mlio tu. Nilimwomba Rehema aandike 68, aprinti nakala tatu, kisha aigeuze 86, aprinti tena tatu. Zote zilitoka sawasawa, na nilizikagua mara mbili. Kosa langu leo lisingewezekana, na kwa hilo naishukuru mashine yake, pamoja na kunikuzia herufi mpaka nasoma bila miwani. Lakini niliinua ile karatasi ya pili kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga haukupita popote. Mtu angeweza kubadilisha shamba la mjane mara kumi na karatasi ingebaki na uso wa mtoto mchanga. Rehema akaniuliza ninatafuta nini humo. Nikamwambia nakagua wino.

Hapo ndipo nilipokwama, na ukurasa wangu haujaisha. Siku ya pili ya msiba, uani, nilimsikia mzee mmoja akimsifu marehemu kwa jirani yake: mkarimu, mcheshi, mwenye kusaidia. Halafu akasema, "Isipokuwa ile ya kukwangua." Jirani akaguna kwa kukubali. Miaka zaidi ya arobaini, na ndiyo waliyoileta msibani. Wajukuu zake wameketi pale wanasikia.

Majina humu nimeyabadilisha, isipokuwa ya mwenye kigoda na mjukuu wake, ambayo Rehema ameniruhusu kuyataja, na shamba nimelihamishia upande mwingine wa mlima, kwa hiyo bado sijamtaja mtu wa shamba lile. Kwenye kijitabu cha arobaini nitalazimika kutaja. Nikiandika kwamba mkono uliokwangua ni wangu, nitamwondolea Bi Mwanaidi rushwa ambayo hakula. Lakini nitakuwa nimeandika pia kwamba aliwaambia wazee ameona kitu ambacho hakukiona, na mapatano yale mapya yamesimama juu ya macho yake. Mama Petro hayupo tena. Petro analima hatua themanini na sita, watoto wa Bura wanalima zao, wanasalimiana, wanaazimana majembe. Sijui kama watoto wa Bura wakisoma watacheka, au watatafuta wakili. Sijui kama nimwendee Petro kwanza nimuulize, au kumuuliza tu ni kumpa mzigo ambao mama yake alikuwa amemtua. Rehema anaprinti Ijumaa ijayo, na ameniachia nafasi ya nusu ukurasa. Wewe uliyesoma mpaka hapa, hasa kama una shamba lenye mpaka wa kuhesabiwa kwa miguu, niambie: niiandike, au niiache?